Maneno Yale Yale katika Vinywa Vipya: Shabiki wa Tamthilia na Badiliko la Waigizaji

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi, mtu anayeipenda tamthilia moja kiasi cha kwenda kuitazama kila inapopata waigizaji wapya hahesabiwi kuwa mhakiki. Huhesabiwa kuwa shabiki tu. Anapotoka ukumbini akilalamika kwamba mwigizaji mpya "siye", kwamba mhusika amjuaye yeye hasemi vile wala hasimami vile, wataalamu hutabasamu na kumwachia ya kwake. Kauli yake huchukuliwa kuwa ni zao la mazoea na mapenzi, na wahenga walikwisha kusema kuwa ukipenda, chongo huita kengeza.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba dharau hiyo haina msingi. Shabiki anayelinganisha kundi jipya la waigizaji na la zamani anafanya, bila ya istilahi, kazi ambayo mwanaisimu huifanya kwa istilahi: anashika maneno yasiyobadilika, anabadilisha msemaji, kisha anaeleza ni nini kilichobadilika katika maana. Data ya namna hiyo ni adimu. Msomaji wa kitabu peke yake hana data hiyo hata kidogo.

Hata hivyo, makala hii haidai kuwa shabiki ana haki katika kila asemalo. Ushahidi wake aghalabu ni sahihi. Hukumu yake ndiyo yenye kasoro. Anaposema kwamba kitu kimebadilika, anasema kweli. Anaposema kwamba kitu kimeharibika kwa sababu kimebadilika, hapo anakuwa ameligeuza kundi la kwanza la waigizaji kuwa ndiyo tamthilia yenyewe. Ili kuitenga kweli na kasoro hiyo, itachunguzwa tamthilia moja ambayo waigizaji wake wamebadilika mara nyingi na kwa namna zinazojulikana vizuri, yaani Death of a Salesman ya Mmarekani Arthur Miller. Mwishoni mwa makala, hoja itarudishwa kwenye tamthilia ya Kiswahili, kwa kuwa huko ndiko hasara ya kuipuuza sauti ya shabiki inakoonekana zaidi.

2.0 Kundi la kwanza: neno lililobadilishwa na kasi iliyotafutwa

Death of a Salesman ilifunguliwa mjini New York tarehe 10 Februari 1949 katika ukumbi wa Morosco, mwongozaji akiwa Elia Kazan. Mhusika mkuu, Willy Loman, ni mwuzaji wa bidhaa za kampuni, mwenye umri wa miaka 63, ambaye ametumia maisha yake yote akisafiri mji hadi mji. Amechoka, fikira zake zinachanganya ya leo na ya zamani, anafukuzwa kazi na kijana aliyerithi kampuni kwa baba yake, na mwishowe anajiua ili familia yake ipate fedha za bima. Nafasi ya Willy ilichezwa na Lee J. Cobb, na ya mkewe, Linda, ilichezwa na Mildred Dunnock. Maonyesho hayo ya kwanza yalifikia idadi ya 742.

Kwa watu wengi walioyaona, Cobb na Willy Loman walikuwa mtu mmoja. Alikuwa mtu mnene, mzito, mwenye sauti nzito, na kuanguka kwake jukwaani kulikuwa kama kuanguka kwa mbuyu. Lakini mwandishi hakuwa amemwona Willy wa namna hiyo alipokuwa akiandika. Alikuwa amemfikiria mtu mdogo wa umbo. Katika matini yake ya awali, Willy anamsimulia mkewe kwamba amemsikia mwuzaji mwenzake akimdhihaki kwa kumwita uduvi. Cobb alipopewa nafasi hiyo, tusi hilo lilikuwa halina maana tena, kwa kuwa hapana mtu awezaye kumwita uduvi mtu mwenye kiwiliwili kile. Miller alilibadilisha neno: badala ya uduvi likawekwa jina la walrasi, yule mnyama mkubwa mnene wa bahari za kaskazini. Neno hilo la pili ndilo lililochapishwa, ndilo lililosomwa mashuleni, na ndilo lililofasiriwa na wahakiki.

Mwaka 1984 tamthilia ilipata kundi jipya. Willy safari hii alikuwa Dustin Hoffman, mtu mfupi na mwembamba, na uduvi akarudishwa mahali pake. Mtazamaji aliyeikariri tamthilia bila shaka alishtuka. Alitarajia neno moja na akasikia jingine. Kama angelalamika kuwa waigizaji wapya wameichezea matini, lalamiko lake lingekuwa sahihi kwa upande mmoja, maana neno lililochapishwa lilikuwa limeondolewa. Kwa upande wa pili lingekuwa limepotoka, maana neno lililorudishwa ndilo lililotangulia katika fikira za mwandishi. Swali la msingi ni hili: ipi katika hizo mbili ndiyo tamthilia ya Miller? Mhakiki wa kitabu hawezi kulijibu, na pengine hata kuliuliza hatalikumbuka, kwa kuwa mbele yake pana ukurasa mmoja tu wenye neno moja tu.

Mfano huu una uzito kwa sababu unapindua dhana iliyozoeleka. Huzoeleka kudhaniwa kuwa matini hutangulia na mwigizaji hufuata, kwamba matini ni mwili na mwigizaji ni vazi. Hapa kiwiliwili cha mwigizaji ndicho kilichoamua neno. Msamiati uliochapishwa mwaka 1949 ulikuwa tayari ni kumbukumbu ya kundi mojawapo la waigizaji, ingawa kitabu hakikumwambia msomaji hivyo.

Jambo la pili linahusu namna ya kusema. Katika kitabu cha maisha yake, Timebends (1987), Miller anasimulia kwamba Dunnock alipokuwa akifanya mazoezi, aliyasema maneno marefu ya Linda ya kuwakemea wanawe kwa sauti ya huzuni na ulaini. Kazan akamtaka ayaseme kwa kasi mara mbili ya ile aliyoizoea, kisha kwa kasi zaidi ya hapo, hadi maneno yakawa yanamtoka mfululizo kama mapigo ya ngoma. Baadaye akamruhusu apunguze mwendo. Kasi ilipungua, lakini hasira iliyozaliwa na kasi ile ilibaki. Linda akawa si mke wa kulialia tena bali mlinzi wa mumewe.

Hakuna hata neno moja la Linda lililobadilika katika mazoezi hayo. Kilichobadilika ni kasi, vituo na kidatu cha sauti, na kwa hayo matatu mhusika mzima akageuka. Mwanaisimu anajua kuwa sifa hizi hazimo katika herufi, na kwamba maandishi yote, hata yaliyojaa maelekezo ya jukwaani, huziacha wazi sehemu kubwa. Shabiki naye analijua jambo hilo, ila hulieleza kwa maneno mengine. Husema, "Linda yule alikuwa mkali, huyu ni mpole mno." Kauli hiyo isichukuliwe kuwa ni ya hisia tupu. Ni maelezo ya sifa za arudhi za usemi, yaliyotolewa na msikilizaji makini aliyesikia mifano miwili ya matini ile ile.

3.0 Kundi jipya: namna za kuitana na historia ya msemaji

Badiliko lililo kubwa zaidi lilitokea London mwaka 2019. Katika ukumbi wa Young Vic, waongozaji Marianne Elliott na Miranda Cromwell waliifanya familia ya Loman kuwa ya Wamarekani weusi. Willy alichezwa na Wendell Pierce, na Linda na Sharon D. Clarke. Maonyesho hayo yalihamia New York mwaka 2022, katika ukumbi wa Hudson, Cromwell akiwa mwongozaji na baadhi ya waigizaji wakiwa wapya. Hii haikuwa mara ya kwanza Willy kuchezwa na mtu mweusi: ukumbi wa Center Stage mjini Baltimore ulikuwa umeionyesha tamthilia hii kwa waigizaji weusi mwaka 1972, na mwaka 2009 Charles S. Dutton aliicheza nafasi hiyo katika Yale Repertory Theatre. Upya wa mwaka 2019 na 2022 ulikuwa katika mgawanyo. Familia ya Loman ilikuwa nyeusi, na mwajiri wake, Howard, alikuwa mweupe, hali kadhalika jirani yake, Charley.

Na achukuliwe mtazamaji aliyeijua tamthilia tangu zamani, anayeyangojea maneno kabla hayajatamkwa. Anafika kwenye onyesho ambalo Willy anaingia ofisini kwa Howard kuomba apewe kazi ya mjini ili asisafiri tena. Howard ana miaka 36. Willy alikuwako katika kampuni tangu Howard alipokuwa mtoto wa kubebwa mikononi, na anamkumbusha kwamba baba yake alimshauri hata juu ya jina la kumpa. Howard hana haja na kumbukumbu hizo. Anamfukuza kazi, na katika kumfukuza anamwita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto au kijana, neno ambalo Wamarekani hulitumia kwa urafiki na mzaha.

Katika kundi la kwanza, neno hilo lilichoma kwa sababu ya umri: mdogo alimwita mkubwa mtoto. Katika kundi la mwaka 2022, neno lile lile, lenye sauti zile zile, lilisemwa na mwajiri mweupe kijana kumwambia mwajiriwa mweusi mzee. Nyuma yake ilisimama historia nzima ya Marekani, ambayo kwayo mwanamume mweusi, hata akiwa na mvi, aliitwa kwa majina ya watoto na watu ambao yeye alipaswa kuwaita mabwana. Hakuna neno lililoongezwa. Mwandishi hakuamka kaburini kulitia jipya. Hata hivyo onyesho lilikuwa limepata maana ambayo mwaka 1949 halikuwa nayo.

Isimujamii ina zana za kulieleza jambo hili. Brown na Gilman (1960) walionyesha kuwa namna za kuitana hufuata nguzo mbili, ya mamlaka na ya mshikamano, na kwamba neno moja linaweza kuwa la mshikamano likisemwa na huyu na likawa la mamlaka likisemwa na yule. Neno analolitumia Howard lina sura ya mshikamano, nalo hufanya kazi ya mamlaka. Katika kinywa cha mwigizaji wa mwaka 1949 pengo kati ya sura na kazi lilikuwa finyu. Kwa kundi la mwaka 2022 pengo hilo lilikuwa pana kiasi ambacho hadhira haikuweza kulivuka bila kuliona.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kusafiri hadi Marekani ili aielewe nguvu ya neno la namna hiyo. Katika Afrika ya Mashariki ya enzi za ukoloni, mtu mzima mwenye mke na wajukuu aliweza kuitwa boi kwa sababu tu alipika au alifua katika nyumba ya Mzungu. Neno hilo limebaki katika kamusi za Kiswahili kama jina la kazi, lakini wazee waliolisikia wanajua kwamba halikuwa jina la kazi tu.

Mfano mwingine ni wa Ben, kaka yake Willy aliyekwisha kufariki, ambaye humjia katika mawazo. Ben alikuwa akienda Alaska, lakini kwa kutojua jiografia alielekea kusini na kujikuta Afrika. Aliingia msituni akiwa na miaka 17 na kutoka akiwa na 21, tajiri wa almasi. Kwa miongo mingi Afrika hiyo ilikuwa jina la mahali pa mbali ambapo Mmarekani mweupe huokota mali bila ya yeyote kuuliza ni mali ya nani. Mwaka 2022 maneno hayo yalisemwa na André De Shields, mwigizaji mweusi. Jina "Afrika" halikuacha kurejelea bara lile lile. Ila katika kinywa hicho lilikuwa pia jina la mahali walikotolewa mababu, na utajiri wa Ben ukawa na uchungu na kejeli ambavyo msomaji wa ukurasa asingeviona.

Kuna hata majina ambayo hayawezi kubaki salama. Willy anaota kwamba mwanawe Biff atakwenda kucheza mpira na kusoma katika Chuo Kikuu cha Virginia. Chuo hicho hakikumpokea mwanafunzi mweusi hadi mwaka 1950. Kwa familia nyeupe, ndoto hiyo inavunjika kwa sababu ya tabia za Biff na baba yake. Kwa familia nyeusi ya wakati ule, ndoto hiyo ilikuwa imefungwa mlango kabla haijaotwa. Kundi lolote la waigizaji weusi lazima liamue la kufanya na jina hilo, na uamuzi wowote utakaofikiwa ni tafsiri ya tamthilia nzima.

4.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni lile la shabiki mwenyewe: kwamba haya yote hayamo katika tamthilia, yameletwa na waigizaji. Pingamizi hili lina nguvu kidogo tu. Kama yaliyoletwa na kundi la 2022 hayamo, basi na uzito wa Cobb haumo, na hasira ya Dunnock haimo, kwa kuwa navyo vililetwa na waigizaji. Tofauti ni kwamba vya kwanza vilikwisha kuzoeleka. Mtaalamu wa tamthilia Marvin Carlson, katika The Haunted Stage (2001), ameeleza kuwa jukwaa ni mahali panaporudiwarudiwa na mizimu: hadhira humwona mwigizaji aliye mbele yake pamoja na wale waliomtangulia. Maelezo hayo yanawahusu hata waigizaji. Dustin Hoffman, kabla ya kuwa Willy, alishiriki katika miaka ya 1960 kwenye kurekodi tamthilia hii katika santuri, akiwa Bernard, mwana wa jirani, pembeni ya Lee J. Cobb aliyekuwa Willy. Kwa hiyo alipofika jukwaani mwaka 1984 alikuwa na sauti ya Cobb masikioni kama alivyokuwa nayo shabiki wa kiti cha nyuma. Mmoja aliijibu sauti hiyo kwa kuigiza, mwingine kwa kunung'unika. Wote wawili walikuwa katika mazungumzo yale yale.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo lilitolewa na mwandishi mkubwa. Mwezi wa Juni 1996, katika hotuba aliyoitoa Princeton, mtunzi mweusi August Wilson alipinga vikali desturi ya kuwapa waigizaji weusi tamthilia zilizotungwa kutokana na maisha ya watu weupe, na akaitaja Death of a Salesman yenye waigizaji weusi kuwa mfano. Kwa maoni yake, kufanya hivyo ni kumtaka mtu mweusi aazime historia ya mwingine na kuikana yake, ilhali fedha na kumbi zinazohitajika ili tamthilia zake mwenyewe zionyeshwe hazipatikani.

Hoja ya Wilson haiwezi kutupiliwa mbali. Sehemu yake inayohusu fedha na kumbi ni ya haki, na hakuna onyesho zuri kiasi gani linaloweza kuijibu. Lakini sehemu yake inayohusu maana inategemea dhana kwamba maneno hubaki na mmiliki wao wa kwanza, na mwigizaji mpya huwa mgeni ndani yake. Mifano iliyokwisha kutolewa inaonyesha kinyume. Wendell Pierce hakuazima historia ya Willy mweupe. Alimlazimisha Howard aseme neno lake mbele ya historia nyingine. Kama waigizaji wote wangekuwa weusi, au kama hadhira ingetakiwa ijifanye haioni rangi, Wilson angekuwa na haki zaidi. Mgawanyo wa mwaka 2019 na 2022 haukuitaka hadhira ifumbe macho. Ulitaka ione.

Miller mwenyewe alikwisha kulikabili jambo hili katika mazingira mengine. Mwaka 1983 aliiongoza tamthilia yake mjini Beijing, kwa Kichina, lugha asiyoijua. Nafasi ya Willy ilichezwa na Ying Ruocheng, ambaye ndiye pia aliyeitafsiri. Miller alikataa waigizaji wasivae nywele za bandia wala kujipaka rangi ili wafanane na Wamarekani. Aliona kwamba Mchina anayemwiga Mmarekani angetoa mwigo tu, na kwamba Mchina anayesema maneno ya Willy kutoka katika maisha yake ndiye angemleta Willy jukwaani. Kwa kauli nyingine, mwandishi hakuyahodhi maneno yake.

5.0 Funzo kwa tamthilia ya Kiswahili

Na achukuliwe sasa mtafsiri anayeliweka onyesho la Howard na Willy katika Kiswahili. Atalifasirije lile neno la Kiingereza? Akiandika "kijana", amefanya tusi liwe wazi mno, kwa sababu katika Kiswahili mdogo hamwiti mkubwa wake kijana hata kwa mzaha. Akiandika "bwana", amelififisha. Akiandika "mzee", ameandika neno la heshima, na huenda msomaji akadhani kuwa Howard ana adabu. Lakini "mzee" hilo hilo, likisemwa na mwigizaji anayetazama saa yake, kwa kiimbo cha kushuka na bila kumwinulia macho anayeambiwa, linaweza kuwa katili kuliko yote matatu. Wenye kukijua Kiswahili cha ofisini wamekwisha kulisikia "mzee" la namna hiyo. Kamusi hailionyeshi, na ukurasa hauwezi kulionyesha. Hukaa katika kinywa cha msemaji.

Hali hii haihusu tafsiri peke yake. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, mhusika mkuu anatoka katika mto Rufiji akiwa amepagawa na kutoa utabiri. Utabiri huo unawapa watu matumaini ya kumshinda Mjerumani, lakini ndani yake mna kauli kwamba watakuwa wana wa Seyyid Said, yaani chini ya mtawala mwingine. Baadaye, akili zinapomrudia, Kinjeketile mwenyewe anafadhaishwa na maneno yaliyotoka kinywani mwake. Je, kauli ile inasemwa kwa sauti ya nani? Mwigizaji akitumia sauti ngeni kabisa, hadhira itasadiki kuwa Hongo ndiye aliyesema, na Kinjeketile atakuwa mtu aliyetwishwa neno asilolitaka. Akitumia sauti yake ya kila siku iliyobadilika kidogo tu, mashaka yatakuwa yameingia tangu mwanzo, na mtu yule yule ataonekana kuwa huenda alijidanganya yeye na wenzake. Hizo ni tafsiri mbili tofauti za Vita vya Maji Maji, na zinatofautiana kwa sauti, bila ya kuhitilafiana hata kwa herufi moja.

Mtu aliyemwona Kinjeketile wa kundi moja, kisha akamwona wa kundi jingine, anazo data ambazo hakuna tasnifu iliyoandikwa kutokana na kitabu peke yake inayoweza kuzitoa. Hata hivyo, katika vyuo vingi mwanafunzi anaruhusiwa kuandika juu ya tamthilia ambayo hajapata kuiona jukwaani. Hutaja ukurasa, huchambua dhamira, maudhui na wahusika, kisha hutunukiwa shahada, kana kwamba tamthilia ni riwaya iliyopunguzwa masimulizi. Wakati huo huo, wale waliokaa kumbini miaka ya 1960 na 1970 wanazidi kupungua. Kila mmoja wao anapoondoka, huondoka na namna moja ya kulisema neno.

Wanaisimu hawangelikubali jambo hilo katika uwanja wao mwingine. Lahaja inapokaribia kufa, watafiti hukimbilia kwa wazee na vinasa sauti. Huuliza jinsi neno lilivyotamkwa, nani alimtamkia nani, katika hali gani. Hakuna anayewaambia wazee hao kuwa wao ni mashabiki tu wa lahaja yao. Iweje basi kumbukumbu za aliyeipenda tamthilia ziwe porojo?

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa katika makala hii kwamba badiliko la waigizaji linaweza kubadilisha neno, kama lilivyofanya kwa uduvi na walrasi. Kwamba linaweza kumgeuza mhusika kwa kasi ya usemi peke yake, kama lilivyofanya kwa Linda. Na kwamba linaweza kuyaacha maneno yote kama yalivyo na bado likabadilisha uhusiano wa wasemaji, kama lilivyofanya kati ya Howard na Willy. Katika hali zote hizo, wa kwanza kulihisi badiliko ni yule anayeikumbuka tamthilia kwa sikio.

Kutokana na hayo yapo mambo matatu yanayofaa kufanywa. Kwanza, tahakiki ya tamthilia iliyoonyeshwa itaje waliocheza, mahali na mwaka, na ieleze namna walivyosema, si yale waliyoyasema tu. Pili, kumbukumbu za waigizaji na watazamaji wa zamani zikusanywe kwa utaratibu ule ule unaotumika kukusanya data za lahaja na fasihi simulizi. Tatu, mwanafunzi wa shahada ya juu anayechagua tamthilia atakiwe kulinganisha angalau maonyesho mawili yenye waigizaji tofauti, na pale ambapo maonyesho hayapatikani, ayaandae yeye na wenzake, hata kama ni kwa kusoma kwa sauti darasani.

Shabiki naye ana wajibu wake. Anapokuta kundi jipya katika tamthilia aipendayo, asiishie kusema kuwa mwigizaji mpya siye. Aendelee, aseme ni neno lipi lililosikika vingine, lilisemwa na nani kumwambia nani, na lilimfanya ajue nini ambacho hapo awali hakukijua. Akifanya hivyo atakuwa amevuka mpaka wa mapenzi na kuingia katika elimu, na wataalamu hawatakuwa tena na sababu ya kutabasamu.